Nafasi ya Chuo Imefika Dunia Nzima, Utafiti Haujafika Kibirizi

Kila mwaka kuna siku moja chuo kizima kinageuka ofisi ya matangazo. Unaamka asubuhi, hata hujapiga mswaki, kila grupu la WhatsApp lina picha ileile: nembo ya chuo, nembo ya kampuni iliyotupanga, na tarakimu kubwa ya rangi ya dhahabu. Ikifika saa sita mchana bango limeshatundikwa getini. CR ameweka status. Hata yule jamaa wa hosteli aliyeapa wiki iliyopita kwamba atahama chuo kwa sababu ya foleni ya kafeteria, naye kaweka status, na chini yake kaandika: "Tuheshimiane."

Sina ugomvi na furaha ya mtu. Chuo kikisifiwa na sisi tunasifika, na sote tunajua siku ya usaili jina la chuo linatangulia kuingia mlangoni kabla ya mwenye cheti. Ugomvi wangu ni na kitu kimoja. Utafiti uliotupatia hiyo tarakimu hatuusikii. Ukimsimamisha mwanafunzi yeyote chini ya lile bango ukamwuliza, "Haya, wametupa nafasi hii kwa utafiti gani? Nani alifanya, aligundua nini, umemsaidia nani?" atakutazama kama umemwuliza namba ya siri ya simu yake. Tunatangaziwa alama bila kuonyeshwa mtihani.

Mimi nasoma ualimu, Jiografia na Kiswahili, na nimezaliwa Ujiji. Kwa hiyo nitalijadili jambo hili kwa macho ya mtu wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu sidhani kama kuna pwani nyingine nchini iliyotoa habari nyingi za kisayansi kwa dunia na kurudishiwa kidogo hivi.

Tuanze na matangazo yenyewe, maana wengi tunadhani yanatokea tu kama mvua. Mpango wa kwanza wa dunia wa kupanga vyuo vikuu ulitolewa na Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai mwaka 2003. Wachina walitaka kujua vyuo vyao viko umbali gani na vyuo vikubwa vya dunia, basi wakatengeneza kipimo. Mwaka uliofuata Times Higher Education ya Uingereza ikishirikiana na kampuni ya QS nayo ikatoa orodha yake, na baadaye wawili hao wakaachana, kila mmoja akabaki na orodha yake. Mwaka huohuo wa 2004 ikaanza Webometrics, kutoka maabara moja ya utafiti nchini Hispania. Ndani ya miaka michache zikawa nyingi, na kila moja ina msimu wake wa kutangazwa.

Na zinatangazwa kwa mpango hasa. Vyombo vya habari hupewa taarifa mapema kwa sharti la kutochapisha mpaka saa fulani. Vyuo navyo hupewa matokeo yao na nembo za kupamba mabango. Saa ikifika, magazeti ya London, Nairobi, Mumbai na Dar es Salaam yote yanatoa habari ileile, na kila nchi inatafuta chuo chake. Kazi kubwa ya kutangaza tunaifanya sisi wenyewe, bure. Halafu kampuni hizohizo zinauza kwa vyuo takwimu, ushauri, nafasi za matangazo na tiketi za mikutano ya kimataifa. Mwaka 2023 jopo la wataalamu lililokutanishwa na taasisi ya afya ya kimataifa ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, iliyoko Kuala Lumpur, lilisema waziwazi kwamba mipango hii ina kasoro za msingi na kwamba inaendeleza ukosefu wa usawa kati ya vyuo vya dunia. Hiyo habari haikutundikwa getini popote.

Sasa tuingie kwenye karatasi ya mtihani wenyewe. Orodha ya Shanghai inatoa asilimia 20 ya alama kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida mawili tu, Nature na Science. Asilimia 30 nyingine inatokana na waliosoma au kufanya kazi chuoni hapo wakapata Nobel au medali ya Fields ya hisabati. Na kwa upande wa wafanyakazi, Nobel zinazohesabiwa ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi. Yaani Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent na kupata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, hakukiongezea Kent hata pointi moja kwenye kipengele hicho. Times Higher Education nayo inatoa karibu theluthi ya alama zake kwa sifa, maana yake inawauliza maprofesa wa dunia ni vyuo gani wanavyovisikia kuwa vizuri. Na ili chuo kiingie kwenye orodha yake kuu lazima kiwe na machapisho zaidi ya 1,000 ndani ya miaka mitano, yanayoonekana kwenye hazina ya Scopus, ambayo kwa sehemu kubwa sana ni ya Kiingereza.

Wenzangu wa Kiswahili mnaelewa hapo maana yake nini. Mhadhiri wako akiandika makala nzuri ya Kiswahili juu ya namna mtoto wa Uvinza anayeongea Kiha nyumbani anavyojifunza kusoma, makala itakayomsaidia kila mwalimu wa darasa la kwanza mkoani Kigoma, kwenye ile hesabu atapata karibu na sifuri. Akiandika jambo hilohilo kwa Kiingereza kwenye jarida ambalo mwalimu wa Uvinza hawezi kulilipia, anahesabiwa. Na Webometrics, ambayo vyuo vyetu vingi huipenda, nusu ya alama zake inatokana na jinsi tovuti nyingine zinavyounganishwa na tovuti ya chuo. Kuna watu wanaipokea kama kipimo cha ufundishaji. Hakuna mtu kutoka Hispania aliyeingia darasani kwetu kuhesabu tuko wangapi tumesimama dirishani.

Sasa twende ziwani.

Julai 1960 Jane Goodall aliteremka ufukweni Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma. Hakuwa na digrii. Mwaka huohuo aliona sokwe anachomeka unyasi kwenye kichuguu anavua mchwa, na habari hiyo ikabadilisha jinsi sayansi inavyomtofautisha binadamu na mnyama. Mwaka 1962 Cambridge wakampokea moja kwa moja kwenye shahada ya uzamivu, na mwaka 1964 makala yake juu ya matumizi ya zana ikatoka Nature. Kusini zaidi, kwenye milima ya Mahale, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwafuatilia sokwe tangu 1965. Miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Basel cha Uswisi kimetoa kwenye Nature utafiti mkubwa wa jinsi spishi zipatazo 240 za jamii moja ya samaki, jamii ya kuhe wetu, zilivyochipuka ndani ya ziwa hili moja. Cambridge, Kyoto, Basel: vyote ni vyuo vya heshima, na watafiti wao wamefanya kazi ngumu, hilo silipingi. Nasema tu tujue pointi zinatua wapi. Kitu kiko Kigoma, pointi ziko Ulaya na Japani.

Mtaniambia lakini siku hizi watafiti wetu wanawekwa kwenye makala. Ni kweli, na ni hatua. Ila someni kanuni. Shanghai wakihesabu makala ya Nature au Science, taasisi ya mwandishi mwenye dhamana ya mawasiliano inapata asilimia 100, ya mwandishi wa kwanza asilimia 50, anayefuata 25, na wengine wote waliobaki 10. Aliyeendesha boti usiku, akachota maji, akajua wapi pa kutega, hata jina lake likiwa katikati ya orodha ya waandishi, taasisi yake iko kwenye hiyo 10. Na kama hana taasisi, hayupo kabisa.

Mfano hai ni Hilali Matama, Mtanzania aliyefanya kazi Gombe kwa miaka mingi. Januari 1974 yeye ndiye aliyeona kwa macho yake shambulio la kwanza la kundi moja la sokwe dhidi ya sokwe wa kundi jirani, mwanzo wa kile ambacho vitabu vya dunia vinakiita vita vya sokwe vya miaka minne. Mwaka uliofuata, Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire wakateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya hapo wanafunzi wa nje hawakuweza tena kukaa Gombe kama zamani. Kazi haikusimama. Watanzania wa vijiji vya kando ya ziwa ndio waliopanda mlima kila asubuhi na madaftari, wakaandika nani kala nini, nani kazaa, nani kafa. Rekodi ya Gombe inasifiwa duniani kwa sababu haijakatika tangu 1960, na miaka ile migumu walioizuia isikatike ni wao. Hakuna orodha ya vyuo yenye safu ya kuwaweka watu kama hao.

Mtu wa Ujiji hashangai sana, maana hali hii ina umri mkubwa. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha mto Nile. Swali lao kubwa lilikuwa Mto Rusizi, kaskazini ya ziwa: unatoka ziwani au unaingia? Wakapanda mitumbwi mpaka Uvira, na huko watoto wa mtawala wa eneo wakawaambia bila kusita kwamba mto unaingia ziwani. Walikuwa wanaishi pale, ni mto wao. Hata hivyo wasomi wa London waliendelea kubishana zaidi ya miaka kumi, mpaka mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walipopiga kasia kwenda kuangalia. Mto unaingia. Jibu likawa "limegunduliwa".

Na huyo Stanley alifikaje Ujiji? Alitumwa na gazeti, New York Herald, kumtafuta Livingstone aliyekuwa "amepotea". Kwa watu wa Ujiji mzee hakuwa amepotea. Alikuwa anakaa mjini kwao, mgonjwa, na walikuwa wanamwona. Alipotea kwa wasomaji wa New York na London tu. Ile ilikuwa kampeni ya habari ya dunia nzima, na Ujiji ikawa maarufu bila mtu wa Ujiji kuulizwa chochote. Leo pale kwenye mwembe wa kumbukumbu mgeni anaonyeshwa mahali wazungu wawili walipokutana. Ukiuliza wenyeji walikuwa wanajua nini kuhusu ziwa wakati ule, hakuna kibao. Nikiangalia bango la getini kwetu naona jambo lenye sura hiyohiyo: linatueleza tunaonekanaje kutoka mbali, na linanyamaza kuhusu tunachokijua.

Kama mambo yangeishia kwenye heshima tu, nisingejaza kurasa za jarida hili. Lakini kuna watu wanakula au wanalala njaa kutokana na utafiti kufika au kutofika.

Mwaka 2003 Ziwa Tanganyika lilitoka kwenye majarida yote mawili yale yenye asilimia 20, Nature na Science, ndani ya mwaka mmoja. Timu mbili tofauti zilikuwa zinasema jambo linaloshabihiana. Nitalieleza kama ningemweleza mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Chakula cha mimea midogo ya majini kimezama chini kwenye maji baridi. Kila mwaka upepo wa kusi ukivuma kati ya Mei na Septemba, maji yanachanganyika na sehemu ya kile chakula inapanda juu. Mimea inaota, vijidudu vinakula mimea, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunakula wote. Sasa dunia ikipata joto, maji ya juu yanapata joto zaidi na kuwa mepesi. Maji mepesi yanakaa juu ya maji mazito kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hauna tena nguvu ya kuyachanganya. Chakula kinabaki chini. Timu ya Nature ilikadiria kwamba uzalishaji wa ile mimea umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hiyo inaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi.

Habari hiyo ni ya 2003. Nilikuwa hata sijajua kutembea.

Nilipokwenda BTP kwenye shule moja ya sekondari mkoani Kigoma, nilifundisha maziwa na mabonde ya ufa. Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa na urefu wa ziwa, kina chake na nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, babu anasema zamani walikuwa wanajaza mtumbwi kwa karabai moja. Sasa hivi baba ana taa kumi na mtumbwi haujai. Samaki wameenda wapi?" Hilo ndilo swali ambalo wanasayansi wa vyuo vikubwa walipata umaarufu kwa kulijibu, likitoka kinywani mwa mtoto wa miaka kumi na tano, na kitabu chake hakikuwa na sentensi moja ya jibu.

Jioni ile niliomba makala kwa rafiki anayesoma chuo chenye ruhusa ya kufungua majarida hayo. Nikaandika nusu ukurasa wa Kiswahili, maelezo kama yale ya hapo juu, nikatoa kopi kwa pesa yangu ya bumu, nikawapa waende nayo nyumbani. Baada ya siku mbili baba wa yule mtoto alikuja shuleni mwenyewe, karatasi mkononi. Nikamwamkia, akakaa. Akasema, "Mwalimu, hii ya upepo ni kweli, hata sisi tunaiona, kusi ya siku hizi si ile. Lakini hawa wenzako wamehesabu maji, hawakuhesabu nyavu. Zamani mwalo huu ulikuwa na mitumbwi mingapi, na sasa mingapi? Waambie wahesabu na hiyo."

Baadaye nikaja kujua kwamba wanasayansi nao wamekuwa wakibishana miaka mingi juu ya hilohilo: ni joto, ni uvuvi uliozidi, au vyote viwili na kwa kiasi gani. Mzee yule aliingia kwenye mjadala wa kimataifa kwa kutumia nusu ukurasa tu. Fikirieni angepewa mwaka 2003.

Kisha ikaja 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti shughuli za uvuvi zilisimamishwa ziwani upande wetu, kufuatana na makubaliano ya nchi nne, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Pale Kibirizi na Katonga anayeishi kwa ziwa si mvuvi peke yake: kuna mama anayeanika dagaa, kijana anayebeba ndoo, muuza barafu, muuza uji wa alfajiri. Kwa watu hao uamuzi kama ule ni ada ya shule, ni kodi ya chumba. Huenda ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Lakini mtu anayeambiwa asimamishe maisha yake miezi mitatu anastahili kujua sababu kwa ukamilifu, kwa lugha yake, mapema, na apate nafasi ya kuuliza kuhusu upepo na kuhusu nyavu. Sayansi yake ilishatangazwa dunia nzima miaka ishirini na moja kabla. Ukiizungumzia mwaloni, kwa wengi inakuwa ndiyo mara ya kwanza wanaisikia.

Najua majibu ninayoweza kupewa, na baadhi yana uzito.

La kwanza: orodha hizi zinafungua milango, usizidharau. Ni kweli, tena ni kweli zaidi ya wanavyodhani wengi. Mei 2022 Uingereza ilianzisha viza maalumu kwa wahitimu wa vyuo bora vya dunia, na kigezo wakati huo kilikuwa chuo kuwa ndani ya 50 bora kwenye angalau orodha mbili kati ya tatu kubwa. Orodha ya kwanza ilipotoka haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Kwa hiyo tarakimu ile ya dhahabu inaweza kuamua nani anapita uwanja wa ndege. Ndiyo maana nasema tusiipokee kwa kupiga makofi tu. Kitu chenye nguvu kiasi hicho juu ya maisha yako unatakiwa ujue kimetengenezwaje.

La pili: inawahimiza wahadhiri wafanye utafiti. Wizara ya Elimu kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ilitenga fedha za tuzo, hadi shilingi milioni 50, kwa watafiti wetu wanaochapisha kwenye majarida ya juu ya kimataifa. Naunga mkono, mtafiti alipwe. Ila himizo linavuta upande mmoja. Mhadhiri mwenye madarasa ya watu mia nne na wasimamiwa kibao atachagua nini kati ya makala yenye tuzo na mkutano wa mwaloni usio na hata posho ya soda? Simlaumu. Nalaumu hesabu.

La tatu: basi tujitoe kama wengine. Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi kilikataa kupeleka takwimu zake Times Higher Education mwaka 2023, na Zurich ya Uswisi ikafuata 2024. Wana haki, na nimefurahi kusoma hoja zao. Lakini Utrecht inajulikana, na ikitoka kwenye orodha dunia itaendelea kuijua. Chuo chetu kikitoka huenda tusikumbukwe kabisa. Kwa sasa siombi tujitoe.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana muhula ujao. Nakipeleka kwa serikali ya wanafunzi, kwa sababu sisi tuna kiti kwenye vikao vya chuo na tunakitumia zaidi kuzungumzia bumu na supu.

Kwanza, kila bango la nafasi ya chuo liambatane na bango la pili la ukubwa uleule: tafiti tatu za mwaka huo zilizofanywa na watu wa chuo hiki, kila moja kwa sentensi nne za Kiswahili. Nani, wapi, wamegundua nini, inamhusu nani. Ofisi ya mawasiliano ikishindwa kupata tafiti tatu, hiyo nayo ni habari ambayo tulipaswa kuijua.

Pili, kila tasnifu ya uzamili na uzamivu iliyokusanya taarifa kijijini, mwaloni au shuleni ikabidhiwe pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mwandishi athibitishe kwamba ukurasa huo umerudi kule alikotoa taarifa. Ikisirini ya Kiingereza ni ya msahihishaji wa nje. Ukurasa huu uwe wa watu waliojibu maswali.

Tatu, sisi wa ualimu tubebe mzigo wetu. Kila mwaka tunasambaa nchi nzima kwa BTP. Hakuna gazeti wala kampuni ya kupanga vyuo yenye mtandao kama huo. Kila mmoja akibeba karatasi moja ya utafiti unaohusu mahali anapokwenda, ziwa, kahawa, maji, lugha, na akaifundisha kwa kipindi kimoja, tutakuwa tumefanya matangazo ambayo hayajawahi kufanyika. Na tukirudi turudi na maswali ya wazazi, tuwakabidhi wahadhiri. Lile la nyavu lingetosha kuwa tasnifu ya mtu.

Dalili zipo kwamba hata wapangaji wenyewe wameanza kusikia. Mwaka 2023 Times Higher Education ilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya vyuo vya Afrika kusini mwa Sahara yenye vipengele kama fursa na haki kwa wanafunzi, na mchango wa chuo kwa Afrika. Ni hatua, ingawa mpimaji ni yuleyule. Lakini kwa nini tusubiri tupimwe kwa kipimo kizuri zaidi ndipo tufanye jambo zuri? Kipimo cha Kibirizi kipo tangu zamani, hakihitaji tovuti. Mtu anakuuliza: mnajua nini kuhusu ziwa letu, na mbona hamkutuambia?

Hapo ndipo ningependa chuo changu kipande nafasi. Msimu wa mabango unakuja tena. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, kabla hamjaweka status, nendeni ofisini mkaulizie lile bango la pili.